Maji ya Chai na Kabureta ya Baba

Kaka alinipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Alisema vitunguu saumu vyake vinasubiri bei na vimejaa hadi chumbani anakolala, na stoo ya nyumbani haina nafasi kwa sababu ya pikipiki ya marehemu baba. Wanunuzi wa vyuma chakavu wangepita siku ya mnada. "Ikiwaka, ibaki," alisema. "Isipowaka, dada, iende. Tusigombane." Nikamuuliza mama anasemaje. Akanijibu kwamba mama hasemi kitu, anapika tu. Wewe humjui mama yangu, basi nikuambie: mama akinyamaza na kupika, ujue kuna jambo limemkaa kooni.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi Babati, nikashuka Mbulu kwenye ukungu na sweta langu likiwa chini kabisa ya begi, kama kawaida yangu. Bodaboda akanifikisha nyumbani huku meno yakigongana. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani alikuwa amesimama pale tangu aliposikia mlio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekula?"

Kabla sijajibu alishaingia ndani. Hakwenda jikoni, alikwenda kabatini. Akarudi na furushi la kanga kuukuu, akalifungua mezani. Ndani kulikuwa na kabureta ya pikipiki ya baba. Midomo yake yote miwili ilikuwa imezibwa kwa vipande vya gunzi, na juu ya gunzi nta, tabaka juu ya tabaka, ya zamani imekuwa kahawia na ya juu ingali njano.

"Nimeitunza," alisema. "Kila masika nimeiongezea nta. Hakuna mdudu aliyeingia humo, hata mmoja."

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukimya wake. Kaka alidhani tunabishania chuma. Mama alikuwa ameshika kitu kile miaka yote tangu baba alipoacha kupanda pikipiki, na baadaye tangu tulipomzika, akikifungua na kukifunga na kukiongezea nta, akingoja mtu aje aseme amekitunza vizuri. Pikipiki isipowaka, maana yake alikuwa akitunza takataka. Na mtu wa kumwambia hivyo ningekuwa mimi.

Nikainusa ile nta, na usinicheke, machozi yakanilenga. Ilinukia moshi na asali na nyumba yetu ya zamani, ile ya udongo iliyokuwepo kabla kaka hajajenga hii ya bati.

Baba alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa kuchanja na kutibu ng'ombe wa huku juu kwetu, kisha kuteremka hadi tambarare za Hanang kwa wafugaji, ambako alikaa siku kadhaa na kurudi na vumbi hadi kwenye kope. Pikipiki ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, ya serikali mwanzoni, baadaye yake mwenyewe. Wafugaji wa kule chini walimpenda. Hawakumwacha arudi mikono mitupu, na nyuma ya kiti kilifungwa mara kibuyu cha maziwa ya mgando, mara kopo la asali lenye masega na nyuki wawili watatu waliokufa. Asali tuliilamba sisi. Masega mama aliyachemsha, akachuja, akapata nta, akaiweka kwenye kikopo kando ya mafiga.

Tulikuwa tunamsikia baba kabla hatujamwona. Mlima wa mwisho karibu na kanisa ulimlazimu kubadili gia, na injini ilipolia kwa kujilazimisha vile, mama aliweka sufuria ya chai motoni. Hakuwahi kukosea. Walipita watu wengine na pikipiki zao, padri, mganga wa zahanati, lakini mama hakuinua kichwa. Ikipita ya baba, sufuria inapanda.

Masika yalipoingia, ile barabara ya kuteremkia bondeni ikawa uji mtupu. Pikipiki ililala stoo hadi mvua zikome. Baba alitoa mafuta yote tangini, akafungua kabureta, akaileta ndani ili isiliwe na unyevu, na hapo kazi ilikuwa ya mama. Kwetu chombo kinachopumzika lazima kizibwe mdomo. Mbegu za mtama na maharage zilikaa kwenye vibuyu baada ya mavuno, gunzi mdomoni, nta juu yake, na mpaka siku ya kupanda hukuti fukusi. Mama aliitazama kabureta akaona matundu, akajua la kufanya. Alisema, "Chombo kikilala mdomo wazi, wadudu wanahamia." Akayeyusha nta, akamimina. Baba akaiita kabureta kibuyu cha mama yenu, na sisi tukacheka, na mama akacheka zaidi ya wote.

Siku ya kuifungua ilikuwa sikukuu ya nyumba. Ilikuwa Jumamosi yoyote baada ya barabara kukauka, wakati mahindi mabichi yameshafika, na mama alichemsha sufuria nzima. Baba alitandika gunia uani kwenye jua, akakaa juu ya kigoda, akatoa gunzi na ile nta ya juu mbele ya mama, taratibu, akachungulia ndani na kusema, "Imelala vizuri." Alisema hivyo kila mwaka. Mama alijifanya hajasikia.

Kisha vikaanza vita.

Kwanza aliomba maji ya moto. Mama alimletea maji ya chai yakiwa yanatokota, kabla hayajatiwa majani, na baba akayamimina kwenye beseni juu ya kabureta yenyewe, akaifunika kwa sahani. "Chuma cha Mbulu kina baridi," alituambia. "Lazima kinywe chai kwanza." Na kila mara, maji yakiwa bado yana moto, alikumbuka jambo la kumtuma mama. Hebu kamwangalie ndama, mbona analia. Hebu kaniitie jirani. Mama akaondoka, baba akafunua sahani, akakwangua kitu juu ya maji kwa jani, haraka, akakirusha nyuma ya ua. Nilimwuliza ni nini. Alisema, "Uchafu wa petroli ninayonunua kule chini, Katesh."

Baada ya hapo ndipo ilipokuja petroli kwenye kopo, unyoya wa kuku, njiti ya ufagio, na kupuliza. Mimi kazi yangu ilikuwa shavu. Baba aliziba matundu mengine kwa vidole, akapuliza kwa mdomo kwenye tundu moja, nami nikaweka shavu upande wa pili nikingoja hewa. "Imepita?" Bado. "Imepita?" Bado, baba. Alikasirika, akaingiza njiti, akarudia maji ya moto, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha ghafla hewa ndogo ya baridi yenye harufu ya petroli ikanigusa chini ya jicho, nikapiga kelele, "Imepita!" Sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine yoyote kwa furaha ile.

Gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili, alikata kwenye boksi la sabuni, akaipaka sabuni ya mche pande zote, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Akafunga. Akapiga kiki. Ikakohoa, ikazima. Akafungua tena. Na siku nzima hiyo alimtukana mzee mmoja wa Katesh aliyekuwa akiuza petroli kwa madumu pembeni ya barabara ya Singida. "Yule mzee ni mwizi! Anatuuzia maji ya bati! Mafuta gani haya yanaziba matundu namna hii?" Jirani alikuja, akakubaliana naye. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alipita, akasema serikali imulike watu kama hao. Mama alitikisa kichwa na kusema, "Watu hawana huruma." Tulikua tukimchukia mtu ambaye hatujawahi kumwona. Mama alipokwenda harusini Katesh akaonyeshwa yule mzee, alikataa kumwamkia, yeye ambaye salamu kwake ni dini.

Jioni pikipiki iliwaka. Iliwaka kila mwaka. Baba akaizungusha uani, mama akauliza, "Imeamka?" na baba akajibu, "Imeamka, mama. Umeitunza."

Sasa nirudi kwenye wiki yangu, na nakuomba uwe na subira kwa sababu mimi sikuwa nayo. Nilibandua gunzi na nta ya nje, nikachungulia, kweli ndani palikuwa safi. Hakuna nyigu aliyejenga, hakuna vumbi. Nikamwambia mama, "Imelala vizuri." Alijifanya hajasikia, akaenda kumenya viazi. Nikafungua bakuli la chini, nikatoa boya, sindano, na jeti zenye vitundu vya mafuta, kila kitu nikakiosha kwa petroli na mswaki. Oringi, zile pete za mpira, zilikuwa zimekauka, ukizibana zinakatika. Gasketi ilikuwa ile ile ya boksi la sabuni, mkono wa baba, na sikuweza kuitupa, nikaiweka mfukoni.

Nikaenda mjini kwa fundi. Ni kijana mpole, karakana yake iko karibu na stendi. Aliigeuza kabureta mkononi akaguna.

"Mama, hii ni ya mwaka gani?" aliniuliza.

"Ya baba yangu."

"Hii siyo ya kusafisha, ni ya kuweka kumbukumbu. Chukua ya Kichina, nakufungia leo leo."

Nikamwambia sitaki ya Kichina. Akanitafutia oringi zinazokaribiana, akapuliza matundu kwa pampu ya upepo, akaridhika. Nikamwuliza kama niiweke kwenye maji ya moto kwanza, maana baba alifanya hivyo. Alicheka mpaka mteja mwingine akageuka. "Maji kwenye kabureta? Mama, hiyo si mahindi. Italiwa na kutu ndani, utalia." Nikaona aibu. Nikajiambia baba alikuwa na mambo yake, kama vile alivyokataa kulala bila soksi. Maji ya moto nikayafuta kichwani.

Nikarudi nyumbani, nikakata gasketi mpya, nikapaka sabuni, nikafunga, nikapiga kiki. Ikakohoa. Nikavuta choki, kile kishikio cha kubana hewa, ikanguruma kidogo, ikazima. Nikapiga tena hadi paja likawaka moto. Nikafungua plagi, imelowa petroli chapachapa, nyeusi. Nikaikausha, nikarudisha, ikalowa tena. Injini ilikuwa inakunywa mafuta bila hewa, hilo nilijua, lakini hewa ilikwamia wapi? Kila tundu nililoliona nilikuwa nimelitoboa. Bomba la chini likaanza kunimiminia petroli kwenye kiatu. Nikafungua tena. Nikafunga tena. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Mikono ilinuka hata nikila ugali nasikia petroli, na kucha zangu sitaki kuzizungumzia.

Nilimkasirikia fundi. Nilimkasirikia kaka, aliyekuwa akipita na magunia yake akisema "pole dada" kwa sauti ya mtu anayepima stoo kwa macho. Nilirusha spana, kuku wakatawanyika, na jogoo akanikasirikia na yeye. Zaidi ya wote nilimkasirikia baba. Mtu anaishi na mashine miaka yote hiyo, anajua dawa yake, halafu anaondoka bila kuandika wala kusema. Nilijiona mpumbavu, mtu mzima mwenye kazi na watoto, nimepiga magoti uani nabembeleza kitu chenye ukubwa wa ngumi mbili.

 Mama aliniletea viazi vya kuchemsha na chumvi, akakaa kwenye kigoda, akatazama. Safari moja tu alisema, "Akiba haiozi, mwanangu." Nikamjibu vibaya. Nilisema haiozi lakini inaweza kufa. Akainuka polepole, akachukua sahani, akaenda jikoni, na nikasikia anaosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

Siku ya mnada nilikuwa uani mapema, sina tumaini lolote, nafungua tu kwa sababu mikono ilishazoea. Kaka alikuwa ameshafagia nusu ya stoo. Alisema wale wa vyuma watapita wakitoka mnadani, na safari hii hakuwa na dhihaka, hata alinisaidia kusukuma pikipiki ije juani. Mama akatoka jikoni na sufuria inafuka mvuke, ameishika kwa pindo la kanga.

"Nimekuwa nangoja uniombe," alisema. "Mbona huombi?"

"Nini, mama?"

"Maji ya chai. Baba yako alianza na maji ya moto. Wewe unaanza na petroli kila siku, kisha unapigana na kuku."

"Fundi amesema yataleta kutu."

"Fundi wa wapi? Fundi huyo alikuwa amezaliwa?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaweka kabureta kwenye beseni, mama akamimina, nikafunika kwa sahani. Tukakaa pamoja tukisikiliza ng'ombe wa jirani wakipelekwa mnadani. Baada ya muda nikafunua sahani kidogo.

Juu ya maji kulikuwa na kitu cha njano. Vijidoa vidogo vya mafuta, vinasogeleana, vinaungana, na pembeni, pale maji yalipoanza kupoa, vimeanza kuganda kuwa utando. Nikainama. Hakikunuka petroli. Kilinuka asali na moshi.

 Nta ya mama, ikiwa ya moto, haikuishia kwenye gunzi. Kila mwaka ilipenya kando yake, ikateleza ndani, ikaingia kwenye vile vitundu vya hewa vyembamba kuliko sindano, ikaganda mbali, mahali ambapo jicho halifiki, petroli ya baridi haiiwezi na pampu inaisukuma tu izidi kukaza. Na kila masika akaongeza nyingine. Hakuna mafuta machafu ya Katesh. Hayakuwahi kuwepo. Baba alijua. Alijua tangu mwaka wa kwanza alipoinusa, na akaamua kupoteza siku nzima kila mwaka, kupuliza mpaka mishipa isimame, na kumtukana mzee wa watu mbele ya kijiji kizima, kuliko kumwambia mke wake kwamba nta yake ndiyo inayoziba.

Nikamkumbuka na lile jani. Hebu kamwangalie ndama.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Mama, hebu kamwangalie ndama. Nadhani amekata kamba."

Akanitazama kidogo. Akainuka, akaenda. Nikachuma jani la mboga ya maboga, nikaukwangua ule utando wote, nikaurusha nyuma ya ua. Nikamimina maji mengine ya moto, nikakwangua tena, nta ikazidi kutoka, ya miaka na miaka, sijui hata ilikuwa imekaa wapi yote ile. Nilikuwa na hasira bado, lakini sikujua tena nimkasirikie nani.

Mama aliporudi, akisema ndama yuko salama, nilikuwa naikausha. Nikaziba matundu kwa vidole, nikaweka mdomo kwenye lile dogo la pembeni. Hapo nikakumbuka kwamba sina mtu wa shavu. Mama akaelewa. Akainama, akafungua kilemba kidogo upande mmoja, akaleta shavu lake lililokunjamana upande wa pili. Nikapuliza.

"Bado," alisema.

Nikapuliza tena.

"Bado." Kisha akafumba macho. "Imepita. Baridi. Imepita, mwanangu!"

Nikaunganisha kila kitu, gasketi, sabuni, boya, bakuli. Kaka akaja kusimama pembeni, mikono kiunoni. Nikafungua petroli, haikumwagika. Nikavuta choki, nikapiga kiki. Ikakohoa. Nikapiga ya pili na ikawaka, moshi wa bluu ukajaa uani, na nikarudisha choki taratibu na haikuzima. Ilikaa inanguruma kwa sauti ile ile ya mlima wa kanisa. Kaka alicheka, akavua kofia, akasema haya basi, vitunguu vitalala chumbani kwangu. Mama hakucheka wala hakulia. Aligeuka, akaingia jikoni, akaweka sufuria ya chai motoni.

Wale wa vyuma chakavu walipita alasiri, wakasikia mlio, wakaendelea na safari yao.

"Kumbe ilikuwa nini?" mama aliniuliza tukinywa chai.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni, na nilihangaika nalo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema kitu kilivyo, wewe unanijua, na wiki nzima nilikuwa nimeumia magoti kwa ajili ya ukweli huo mmoja.

"Mafuta, mama," nilisema. "Mafuta ya siku hizi ni machafu."

"Watu hawana huruma," alisema mama.

Maskini yule mzee wa Katesh. Alishafariki, nasikia, na pale alipopanga madumu yake sasa kuna kituo chenye pampu na taa. Ile barabara ya kuteremkia bondeni nayo wameichonga upya, bodaboda wanashuka na kupanda hata mvua ikinyesha, na hakuna mama anayeinua kichwa kusikiliza ni ipi. Ng'ombe wanachanjwa na vijana wanaokuja na gari, wanaondoka siku hiyo hiyo, hawabebi kibuyu cha mtu. Vibuyu vyenyewe viko wapi? Mbegu kaka ananunua dukani kwenye pakiti, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, hazihitaji gunzi. Nyumba ile ya udongo haipo. Nilimwuliza mama kile kikopo cha nta bado anakitumia kwa kazi gani, wakati hakuna tena kibuyu cha kuziba. Alinishangaa. Alisema anakitumia kwa kabureta.

Inaniuma, rafiki yangu, nikikuambia sivyo nitakuwa nakudanganya. Inaniuma kwamba baba hakuniamini hata mimi na siri ile, mimi niliyempa shavu langu miaka yote. Inaniuma kwamba sitaweza kumsifu kwa mama, kumwambia, unajua mume wako alikufanyia nini? Siku nzuri kuliko zote za utoto wangu ilikuwa kero tupu iliyotengenezwa jikoni kwetu kwa nia njema, na sasa mimi ndiye mwenye kero hiyo, na hakuna wa kumpa.

Asubuhi ya kuondoka, wingu lilikuwa limeinama hadi kwenye mikaratusi, na harufu ya mvua ilikuwa imeshafika. Mama alisema pikipiki haiwezi kulala masika yote mdomo wazi. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikaipeleka jikoni. Alikuwa ameshaandaa magunzi mawili. Kikopo kilikuwa juu ya makaa na nta imeyeyuka, inameremeta.

"Ishike vizuri," alisema. "Iinue kidogo. Hapo hapo."

Nikaishika. Mkono wake hauko imara kama zamani, na alimimina polepole kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Nikaona tone moja linapita kando ya gunzi, linateleza kwenda ndani.

"Imeziba?" aliuliza.

"Imeziba vizuri, mama," nilimwambia. "Mimina tena kidogo."